Uvimbe unaokua upesi si lazima uwe mkaidi kwa dawa

Mimi ni daktari wa patholojia hapa Tabora, na kwa kuwa ndiye ninayechoma sindano ya kuchukua seli, wazazi wa watoto wenye uvimbe wa taya huniuliza mimi kabla ya wengine. Mama mmoja kutoka Urambo aliniambia, “Daktari, kitu kinachokua hivi kwa wiki mbili, dawa itakiweza kweli?” Nilimjibu kwamba katika limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, kasi hiyohiyo ndiyo inayoipa dawa nafasi.

Protini ya Ki-67 huonekana katika seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Katika ugonjwa huu, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, karibu asilimia 100 ya seli za uvimbe huwa nayo. Dawa nyingi tunazotumia huua seli hasa inapogawanyika, na BCL2, protini inayoizuia seli iliyoharibika isijiue, kwa kawaida haipo au ni hafifu mno. Basi seli hufa kwa wingi na kwa mara moja, hata inatubidi kumpa mtoto maji ya mshipani na alopurinoli mapema ili mabaki yake yasiumize figo.

Kwa mtu mzima mwenye limfoma ya seli B kubwa, saratani nyingine ya seli za kinga, hali ni nyingine. Protini ya MYC ikionekana katika asilimia 40 ya seli au zaidi, na BCL2 ikazidi asilimia 50, tunatarajia tiba ya R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za limfoma, isimfae mgonjwa kama inavyowafaa wengine, kwa sababu protini moja inahimiza kukua na nyingine inazuia kufa. Hata hivyo wapo wenye zote mbili wanaopona, na sikubaliani kabisa na anayemkatia mgonjwa tamaa kwa namba hizo.

Namba zenyewe hutegemea kinyama, yaani kipande cha uvimbe tunachokipima. Kinyama kinene kilichowekwa katika fomalini (maji ya kukihifadhi) kidogo huharibika katikati kingali ndani ya basi la Mwanza, na protini iliyoharibika husomeka kana kwamba haikuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba BCL2 haipo, hutafuta kwanza seli T, seli za kinga za kawaida zilizo pembeni mwa uvimbe, ambazo zinapaswa kuwa nayo. Nazo zikikosa rangi ya kipimo inayoonyesha protini, siandiki jibu, naomba kinyama kingine, kikatwe chembamba na kizamishwe katika fomalini mara kumi ya ujazo wake.