Gertrude Cox na mtakwimu anayeitwa kabla ya kupanda

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, wanafunzi wa uzamili wa kilimo hubisha hodi ofisini kwangu wakiwa na madaftari yaliyojaa vipimo, wakiomba niwachambulie takwimu zao. Nikiwauliza shamba liligawanywaje, mara nyingi najibiwa kwamba mbegu mpya ilipandwa bondeni na ile ya zamani mteremkoni. Hapo hesabu haifui dafu, kwa kuwa haijulikani tena kama kilichoongeza gunia ni mbegu au ni rutuba ya bonde. Laiti wangekuja mapema, ningewashauri waugawe mteremko kwa vitalu, kila kitalu kipandwe mbegu zote, na nafasi ya kila mbegu ndani ya kitalu iamuliwe kwa kura.

Gertrude Cox, mtakwimu wa Marekani, aliitafutia kero hii dawa ya kiutawala, na ndiyo sababu humtaja sana darasani. Alizaliwa mwaka 1900 karibu na Dayton, katika jimbo la Iowa, Marekani, akanuia kuwa shemasi wa Kimethodisti, akalea yatima huko Montana, kisha akaingia chuo ili apate sifa za kusimamia kituo cha yatima. Hisabati ikamteka. Mwaka 1931 alipata shahada ya uzamili ya takwimu, ya kwanza kutolewa na chuo cha Iowa State. Ya udaktari hakuimaliza.

Mwaka 1940 chuo cha serikali cha North Carolina, mjini Raleigh, kilitafuta mkuu wa idara mpya ya takwimu za majaribio, na George Snedecor, aliyekuwa mkuu wa kazi wa Cox huko Iowa State, akaandika barua ya kupendekeza majina, yote ya wanaume. Cox alipouliza kwa nini yeye hamo, Snedecor aliongeza maneno machache barua ikiwa imekwisha: kama wangekubali kumfikiria mwanamke, angempendekeza Cox. Walimchukua, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara chuoni hapo.

Watakwimu wake hawakukaa kusubiri madaftari. Waliwashauri watafiti wa mimea na mifugo tangu jaribio likiwa bado wazo, naye akaandaa makongamano ya kazi ambamo kila fani ilileta matatizo yake. Alikuwa hodari pia wa kutafuta ruzuku, kipaji ambacho sisi watu wa namba hukidharau hadi fungu linapokauka. Taasisi ya Takwimu aliyoiongoza iliweka takwimu tumizi Raleigh na nadharia Chapel Hill, mji mwingine wa North Carolina, ambako mtakwimu Harold Hotelling alikabidhiwa idara mwaka 1946. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1950, yeye na mtakwimu mwenzake William Cochran waliilinganisha kura ya vitalu na bima: ni kinga dhidi ya hitilafu inayoweza kutokea au isitokee.

Alifariki mwaka 1978 kwa leukemia, saratani ya damu. Wakati wote wa matibabu aliweka kumbukumbu za maendeleo yake, na alipojitaja alijiita kitengo cha jaribio, jina ambalo watakwimu hukipa kile kinachofanyiwa jaribio.