Oili ya Gari Lililolala Miaka Mingi Imwagwe Ikiwa Baridi

Wiki hii limevutwa hadi karakana yangu gari jingine la zamani ambalo mwenyewe alifuata ushauri ule ule ninaoupinga kila mara: aliliwasha baada ya miaka mingi ya kusimama, akalitembeza kilomita chache ili oili ya giaboksi na ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ipate moto, ndipo aimwage. Kwa gari linalotumika kila siku ushauri huo ni sahihi, kwa kuwa oili ya moto huwa nyepesi na hutoka pamoja na uchafu wake. Kwa gari lililolala, zile kilomita chache ndizo zinazoleta hasara.

Watu huamini kwamba gari lisilotembea halichakai. Difu ina tundu la kupumulia, na kila joto linapopanda na kushuka, hewa hutoka na kuingia ikiwa na unyevu wake. Unyevu huo hugeuka kuwa matone kwenye sehemu ya juu ya ganda, matone hushuka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, hutulia chini kabisa, karibu na nati ya kumwagia. Wakati huohuo meno ya krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu, yaliyo juu ya oili hupoteza polepole utando uliokuwa ukiyalinda, yakaanza kushika kutu. Ukiiacha difu ilivyo na kulegeza nati taratibu, maji yatatangulia na oili itafuata. Ukilitembeza gari kwanza, unayakoroga maji, oili na chembe za kutu kuwa uji mweupe, kisha unausukuma ndani ya beringi ambazo hadi asubuhi hiyo huenda zilikuwa nzima.

Kwa hiyo mimi humwaga mara mbili. Kwanza nafungua nati ya kujazia, kwa maana ikiwa imeganda, utabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Kisha namwaga ikiwa baridi, najaza oili mpya, nazungusha magurudumu kwa mkono gari likiwa juu ya stendi, na baada ya mwendo mfupi namwaga tena, safari hii ikiwa ya moto.

Klachi nitaipitia haraka. Pleti ya klachi ikiwa imenata kwa kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, usiibandue kwa kuwasha injini gari likiwa kwenye gia. Mipira ya silinda zote mbili za klachi, ya kwenye pedali na ya kwenye giaboksi, badilisha bila mjadala. Spaida za propela (viungo vya msalaba vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) zipigwe grisi mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kinachokataa kutoa ni sababu tosha ya kubadilisha spaida nzima.

Linalonichosha zaidi ni imani kwamba, katika madaraja ya oili ya gia, GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa kuwa namba yake ni kubwa. Namba hizo zinaeleza kazi. GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi kwa ajili ya difu za haipoidi, ambamo meno huteleza juu ya mengine chini ya mgandamizo mkubwa. Giaboksi nyingi za zamani zina ringi za sinkronaiza (zinazosawazisha mwendo wa gia kabla ya kuingia) zenye shaba, na salfa iliyo hai hushambulia shaba, hasa kwenye joto. Isitoshe, ringi hiyo hufanya kazi kwa msuguano, na oili yenye utelezi kupita kiasi huifanya gia ikwaruze kila unapoiingiza. Nakiri kwamba baadhi ya oili za GL-5 za leo zina viambato vya kulinda shaba, na nimefungua giaboksi zilizozitumia kwa muda mrefu bila dhara nililoweza kuliona. Hata hivyo, naweka kile ambacho kitabu cha gari husika kinataka.

Shaka yangu kubwa huja ninapokuta alama ya kutu kwenye meno ya krauni. Naipitishia ukucha: usiponasa, naisugua na kuiacha; ukinasa, kanuni inataka krauni na pinieni, gia ndogo inayoizungusha, zibadilishwe kwa pamoja, lakini nimewahi kuacha meno ya namna hiyo na difu ikaendelea kimya. Katika difu ya wiki hii ukucha unanasa kwenye meno matatu, na beringi ya pinieni imechubuka. Meno nitayaacha, nikiwa nimemweleza mwenyewe kwamba huenda yakalia. Beringi naing'oa.