Mgonjwa wa figo anaogopa mashine, mimi naogopea moyo wake

Mtu akishaambiwa kwamba figo zake zimeanza kushindwa, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Daktari, nitaanza lini kusafishwa damu?" Namwelewa kabisa. Ila katika kazi hii ya figo, kinachoninyima usingizi zaidi ni moyo wake. Mtu ambaye uchujaji wa figo zake umeshuka chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3 au zaidi, lakini bado uko mbali na kufika mwisho, ana uwezekano mkubwa wa kufariki kabla hata ya kuiona hiyo mashine, na mara nyingi ni moyo au mishipa ya damu inayomwondoa.

Kwa nini? Tazama eksrei ya mkono wa mtu aliyesafishwa damu miaka mingi. Mshipa wa damu ni nyama laini, haupaswi kuonekana kwenye picha ile. Kwa mgonjwa huyu unaonekana: mistari miwili myeupe inakwenda sambamba kama reli, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Ni kalsiamu ile. Haikukaa ndani ya njia ya damu kama mafuta yanayoziba mshipa, imejijenga kwenye ukuta wenyewe. Figo zikishindwa kutoa madini ya fosfeti, chembe za misuli ya ukuta ule hubadilika tabia na kuanza kufanya kazi ya chembe za mfupa. Mshipa uliokuwa unatanuka kila moyo unapopiga sasa umekakamaa, na moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Ongeza presha, chumvi na maji yasiyotoka, na upungufu wa damu. Misuli ya upande wa kushoto wa moyo hunenepa mwaka hadi mwaka. Richard Bright, daktari wa London, alikwishaona mwaka 1836 kwamba maiti zenye figo zilizosinyaa mara nyingi zilikuwa na moyo mkubwa.

Ndiyo maana dawa za kolesteroli peke yake hazimalizi kazi. Katika utafiti uitwao SHARP, uliotolewa 2011 na kuhusisha watu zaidi ya 9,000 wenye ugonjwa wa figo, dawa hizo zilipunguza matukio ya mishipa kuziba kwa takriban asilimia 17. Ni faida ya kweli. Lakini kwa walioanzishiwa statini, kundi kuu la dawa za kolesteroli, wakiwa tayari kwenye mashine, tafiti mbili kubwa hazikuona nafuu ya maana. Tiba hii inataka kuwahiwa.

Tena ugonjwa wenyewe hujificha. Mama mmoja aliniambia, "Kifua hakijawahi kuniuma, ila nikitandika kitanda pumzi inakata." Moyo wake ulikuwa umeshaumia. Wagonjwa wa figo wengi hawapati yale maumivu ya kifua tunayofundishwa kuyasubiri, wanapata uchovu na kukosa pumzi. Hata troponini, kipimo cha damu cha moyo ulioumia, kwao mara nyingi huwa juu muda wote, kwa hiyo tunakirudia baada ya saa chache kuona kama kinapanda.

Kuna jambo linaniuma sana. Mgonjwa anaanzishiwa dawa ya presha, zile ambazo majina yake huishia na "pril" au "sartan". Wiki mbili baadaye kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua figo zinachuja vipi, imepanda kidogo, mtu anashtuka, dawa inasimamishwa moja kwa moja. Kupanda kwa hadi asilimia 30 katika wiki 4 za mwanzo, potasiamu ikiwa sawa, kwa kawaida si sababu ya kuiacha. Dawa inapunguza msukumo ndani ya vichujio, na huko ndiko kuvilinda. Dapagliflozin, dawa iliyoanza kama ya kisukari, nayo huanza hivyohivyo, na utafiti wa 2020 ulionyesha inalinda figo na moyo hata kwa wasio na kisukari.

Kama una presha au kisukari, omba mkojo wako upimwe albumini, protini ya damu inayovuja vichujio vikiumia. Ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini na ikabaki hivyo, hatari ya moyo imepanda hata kama figo bado zinachuja vizuri. Ni kikombe kidogo cha mkojo tu, na bado naona mafaili ya miaka kumi ambayo hakijaombwa hata mara moja.

Kwa walio kwenye mashine mara tatu kwa wiki: muwe macho na lile pengo refu la siku mbili. Maji na potasiamu hujikusanya, na takwimu za Marekani zilizotolewa 2011 zilionyesha kwamba vifo huongezeka siku inayofuata pengo hilo. Mapigo yakianza kurukaruka, miguu ikalegea, au ukashindwa kulala chali kwa kubanwa pumzi, usingoje zamu yako ifike. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie mlangoni kwamba unasafishwa damu na mara ya mwisho ilikuwa lini.