Mmea unaweza kunyauka huku mizizi imelowa

Malalamiko tunayoyapokea mara kwa mara ni haya: "Namwagilia kila siku, mbona mmea umelegea tu?" Na anayeuliza huwa ameshaongeza maji. Tunamwomba aanze na jambo moja: achomeke kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Kikitoka na tope, maji hayakupungua. Mizizi ndiyo imeshindwa kuyanyonya.

Maji huingilia kwenye vinyweleo vya mizizi, vidogo kiasi kwamba kila kimoja ni mchomozo wa seli moja tu. Vinyweleo hivyo ni hai na vinapumua. Udongo ukituama maji, nafasi za hewa hujaa, oksijeni huisha, na mzizi huanza kushindwa kazi kabla hata haujaoza. Uchimbue mmoja uutazame. Mzizi mzima ni mweupe na mkakamavu. Uliooza ni wa kahawia, unanuka, na ukiuvuta ganda lake huchomoka kama soksi, kikabaki kijiuzi cha katikati.

Mbolea iliyozidi nayo huleta kiu, maana maji hufuata palipo na chumvi nyingi zaidi. Chumvi ya udongoni ikiizidi ya mzizini, mzizi haunyonyi, na waweza hata kunyonywa.

Huko juu, majani hayangoji. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa hutoka tena yakiwa mvuke, kupitia vitundu vya jani viitwavyo stomata. Wengi huona huo ni upotevu. Sisi hatukubaliani nao. Jani hujilisha kwa hewa ya ukaa, na likifungua vitundu ili iingie, mvuke hutokea mlango huohuo. Mvuke huo hulipoza jani, na ndio unaovuta maji kutoka chini: chembe za maji zimeng'ang'aniana ndani ya zailemu (mirija ya kupandishia maji), hivyo ya juu ikitoka huivuta iliyo nyuma yake, mpaka mzizini. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly walitoa maelezo hayo mwaka 1894, na mpaka leo ndiyo yanayotufahamisha jinsi mti wa zaidi ya mita 100 unavyofikisha maji kileleni bila pampu.

Kwa hiyo usiuhukumu mmea saa saba mchana. Jua likiwa kali, jani hupoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoleta, likalegea, kisha jioni likasimama tena. Uendee alfajiri. Ukiukuta bado umelegea, chunguza udongo na mizizi siku hiyohiyo. Ukiona matone yamejipanga kwenye ncha na kingo za majani machanga, huenda si umande: ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku kucha, na mizizi iliyokufa haiwezi kazi hiyo.