Uso wa 3D wenye meno ya msumeno: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kila anayeanza kuchora uso wa 3D kwenye kompyuta anapitia hii kitu. Unaandika fomula yako safi kabisa, unajua kwa hesabu kwamba uso huo ni laini hauna hata kona moja, unabonyeza, kinatoka kitu kama karatasi iliyofinyangwa afu ikanyooshwa kwa mkono. Ukiuliza unaambiwa "ongeza pointi". Hilo jibu kuna siku linakuwa sahihi, ila siku nyingi linakula muda wako bure, na mimi limenila muda mwingi sana, ndo maana naandika haya kirefu.

"Ongeza pointi tu, itanyooka yenyewe"

Kwanza tuelewane programu inafanya nini, maana hapa ndo mzizi wa yote. Hakuna programu inayochora fomula yako. Inatandaza gridi ya pointi, inapiga hesabu ya z, yaani kimo cha uso, kwenye kila pointi, halafu inaunga pointi jirani kwa vipande vidogo, na kile unachokiona kimepinda ni vipande bapa vilivyoshonwa pamoja. Gridi ya 50 kwa 50 ina pointi 2,500 na vyumba 2,401, ukikata kila chumba vipande viwili unapata pembetatu 4,802. Ya 500 kwa 500 ina pointi 250,000 na pembetatu 498,002. Umeongeza mara kumi kila upande, mzigo umepanda mara mia, na kama uso wako ni mtulivu kama x² − y² kati ya −1 na 1 jicho halitaona tofauti yoyote ya maana, utakachoona ni kompyuta kukwama ukijaribu kuuzungusha.

Sasa kuna wakati pointi ndo kila kitu, na hapo tatizo linakuwa kubwa kuliko meno. Chukua sin(x² + y²), x na y kutoka −10 hadi 10, gridi ya 50 kwa 50. Hatua kati ya pointi na pointi ni 20 gawanya kwa 49, kama 0.41. Lakini kadiri unavyotoka katikati mawimbi yanazidi kubanana, ukifika x = 10 wimbi moja lina urefu wa kama 0.31 tu, yaani wimbi zima linapita katikati ya pointi mbili na programu haijui kama limepita! Matokeo yake karibu na x = 7.7 kinazaliwa kitovu kingine cha mawimbi ya duara, kinafanana sana na kile halisi cha katikati, na upande wa −7.7 kingine, na kwenye y hivyo hivyo, na kwenye pembe pia. Vyote ni vya uongo, vimetokana na gridi. Mtu asiyejua ataandika kwenye ripoti kwamba fomula ina vitovu tisa. Hiyo inaniuma kuliko meno ya aina yoyote, kwa sababu meno angalau yanakuambia kuna shida.

Kwa hiyo usiulize "pointi ngapi" hewani. Tafuta sehemu ambayo uso wako unabadilika haraka kuliko zote, pima wimbi la hapo lina urefu gani, weka zaidi ya pointi mbili kwa wimbi kama kiwango cha chini kabisa na kama kumi ukitaka lionekane limepinda vizuri. Kwa mfano wetu pointi kumi kwa wimbi ni hatua ya kama 0.03, yaani zaidi ya pointi 600 kila upande. Na jaribio rahisi ninalolifanya kila mara: chora mara mbili kwa gridi mbili ambazo moja si kigawe cha nyingine, tuseme 150 na 217. Kilele au kitovu kikihama au kikipotea, hakikuwa chako.

"Nimeweka pointi 1,000 kwa 1,000 na hamna kilichobadilika, softwea mbovu"

Hapana jamani, mara nyingi pointi zako zimetupwa kabla ya kuchorwa. Kwenye Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, amri ya plot_surface ina vigezo viwili, rcount na ccount, yaani mistari na safu ngapi zichorwe, na usipovigusa kila kimoja ni 50. Ukiipa data ya 500 kwa 500 inachukua mstari mmoja kila baada ya kumi, inachora 50 kwa 50 na haikuambii kitu, hata onyo hamna. Watu wanakesha wanaongeza pointi kwenye meshgrid, ile amri inayotandaza gridi, wakati mlango umefungwa kwingine kabisa. Weka rcount na ccount sawa na ukubwa wa data yako, au weka rstride na cstride, yaani hatua ya kuruka mistari na safu, ziwe 1, ila usiandike za aina zote mbili kwa pamoja, itakataa.

gnuplot, programu nyingine ya kuchora, nayo ina lake: ukichora fomula kwa amri ya splot, isosamples (idadi ya mistari ya gridi) ya kuanzia ni 10 kwa 10, kwa hiyo usishangae uso kuonekana kama wavu wa kuvulia. Panda hadi 60 au 100 ndo uanze kuhukumu. Mathematica inafanya tofauti kidogo, inaanza na gridi halafu inagawa zaidi pale inapoona uso unapinda sana, kwa hiyo PlotPoints ni gridi ya mwanzo na MaxRecursion ni ruhusa ya kugawa mara ngapi. Hapo wengi wanapandisha MaxRecursion peke yake, lakini kama gridi ya mwanzo imekiruka kilima chembamba programu haina sababu ya kurudi kugawa pale, haijui kama kuna kilima. Panda PlotPoints kwanza.

Na MATLAB, hii naiona sana: mtu anaongeza pointi, uso unakuwa mweusi tii. Ni ile mistari ya gridi, amri ya surf inaichora nyeusi juu ya kila chumba, vyumba vikiwa vidogo kuliko unene wa mstari basi rangi yote imefunikwa. Zima mistari, EdgeColor iwe none, uso utatokea chini yake mzima.

"Rangi ikiwa laini, uso ni laini"

Hii ni nusu ya kweli na ndo inayodanganya zaidi. Kuna namna mbili za kupaka kipande: kukipa rangi moja kizima, au kupiga hesabu ya mwanga kwenye kona zake na kuichanganya taratibu hadi katikati. Hiyo ya pili ndo Henri Gouraud aliichapisha mwaka 1971, na Bui Tuong Phong akachapisha yake mwaka 1975 ambayo inachanganya mwelekeo wa uso wenyewe badala ya rangi, kwa hiyo ule mng'ao wa mwanga unakaa mahali pake hata kama vipande ni vikubwa. Wote wawili walifanyia kazi hiyo Chuo Kikuu cha Utah. Kwenye MATLAB, shading interp inachanganya rangi na lighting gouraud inachanganya mwanga, ni vitu viwili tofauti, na mtu akiweka kimoja akiacha kingine anabaki anajiuliza mbona bado vipande vinaonekana.

Lakini uso wenyewe hapo haujaguswa. Pembetatu ni zile zile. Ukitaka kujua ukweli usitazame katikati ya uso, tazama ukingo wake wa nje pale unapokutana na weupe wa nyuma, kona zote zipo pale zinakusubiri, kwa sababu kupaka rangi hakuwezi kuficha ukingo. Kama ukingo una kona kona, hapo sasa ndo uongeze pointi, hapo sina ubishi.

Matplotlib kwenye plot_surface inakipa kila kipande rangi moja tu, hamna kuchanganya, kwa hiyo kule ulaini wote unatoka kwenye wingi wa vipande. Na vipande inavipanga kwa umbali tu kisha inavipaka mmoja juu ya mwingine, ndo maana nyuso mbili zinazokatana zinaweza kutoka zimepishana vibaya hata ukiweka pointi milioni. Sio kosa lako, ni namna ilivyojengwa, tafuta chombo kingine kwa kazi hiyo.

"Fomula ni sahihi, kwa hiyo picha lazima itoke sahihi"

Chora nusu tufe, z = √(1 − x² − y²), kwenye gridi ya mraba. Chini kabisa pale inapogusa sakafu unapata meno ya msumeno, ukiongeza pointi meno yanakuwa madogo lakini hayaishi. Sababu ni kwamba ukingo wa tufe ni duara na gridi yako ni vyumba vya mraba, duara linapita katikati ya vyumba, pointi za nje hazina jibu kwenye namba halisi, programu inatupa chumba kizima. Na juu ya hilo mteremko pale ukingoni hauna mwisho, uso unashuka wima. Dawa yake haigharimu pointi hata moja: badilisha gridi. Tumia pembe mbili, x = sin a · cos b, y = sin a · sin b, z = cos a, a ikitoka 0 hadi π/2 na b ikizunguka kutoka 0 hadi 2π. Gridi ya 40 kwa 40 hapo inatoa ukingo safi ambao 1,000 kwa 1,000 ya mraba haitoi. Nakumbuka siku niliyoelewa hili, nilirudi nikachora upya karibu grafu zangu zote.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa chochote chenye mkunjo: fanya mkunjo upite juu ya mistari ya gridi. |x| ikiwa na pointi kwenye x = 0 inatoka kali kama kisu, gridi ikiiruka sifuri unapata mgongo butu. |x + y| ni mtihani zaidi, mkunjo wake unakwenda mshazari, na kila chumba kinakatwa pembetatu mbili kwa mshazari mmoja. Mshazari huo ukiendana na mkunjo ni safi, ukipishana nao unapata vijino mgongoni mzima. Zungusha mihimili, weka u = x + y na v = x − y, kwisha habari.

Afu kuna zile ambazo hazilainiki na hazitakiwi kulainika. xy/(x² + y²) karibu na sifuri: ukija kwa mstari y = x unapata 1/2, ukija kwa y = −x unapata −1/2, ukija kwa mhimili wa x unapata 0. Pale katikati uso umechanika kweli. Mtu akilainisha hapo amefuta jambo lenyewe ambalo grafu ilichorwa ili lionekane. Tofautisha na sin r gawanya kwa r (r ni umbali kutoka katikati), ambayo katikati inatoa tundu kwa sababu ya sifuri juu ya sifuri, lakini thamani yake inajulikana ni 1, hiyo jaza bila wasiwasi.

"Data ni chache, weka spline itakuwa laini na sahihi"

Laini ndiyo. Sahihi ni swali lingine. Spline ni mkunjo laini unaounga pointi, na ile ya kawaida ya daraja la tatu inapita kwenye pointi zako zote, maana yake hata kelele za vipimo, yale makosa madogo ya kupima, inazipitia zote kwa utiifu, unapata uso laini wenye vilima vya kelele. Na panapo ruko la ghafla inaweza kupitiliza: vipimo vyako vyote ni chanya, uso unazama chini ya sifuri. Ukiona hivyo rudi kwenye njia ya mstari mnyoofu, haipendezi sana lakini ndani ya kila pembetatu haiwezi kutoka nje ya vipimo vya kona zake.

Kama shida ni kelele basi unahitaji kulainisha kweli, ambako ni kukubali uso usipite kwenye kila pointi, na hapo utakuwa unapunguza urefu wa vilele vyako vya kweli pia. Mimi nilishalainisha data ya joto la sahani ya chuma hadi sehemu moja iliyokuwa inaungua ikapotea kwenye picha, na picha ilipendeza sana. Tangu hapo sitoi uso uliolainishwa bila kuweka pointi halisi juu yake kama vidoti, msomaji aone mwenyewe umbali.

"Rangi za upinde wa mvua zinaonyesha zaidi"

Zinaonyesha mipaka isiyokuwepo. Ule mpangilio wa rangi unaoitwa jet una mistari ya njano na samawati inayong'aa kuliko jirani zake, jicho linaisoma kama ngazi kwenye uso ambao hauna ngazi. MATLAB kwenye toleo la R2014b waliacha kuutumia kama rangi za kuanzia wakaweka parula, Matplotlib 2.0 mwaka 2017 wakaweka viridis. Kabla hujaongeza pointi badilisha rangi, inachukua sekunde.

"PDF siku zote ni bora kuliko picha ya pikseli"

Kwa mistari na maandishi, sawa. Kwa uso wenye pembetatu laki tano unapata faili zito linalofunguka kwa kusuasua, na juu yake nyufa nyembamba nyeupe kati ya kila kipande na jirani yake, ambazo zinatokana na programu ya kusomea inavyolainisha kingo za kila kipande peke yake. Ukikuza zinabaki na unene ule ule, ndo utazijua kwa hilo. Geuza uso peke yake uwe pikseli, 300 kwa inchi inatosha kuchapa, mihimili na maandishi yabaki vekta, yaani mistari isiyoharibika ukiikuza. Matplotlib ni neno rasterized tu kwenye uso, na dpi uitaje wakati wa kuhifadhi.