Mafanikio kwa kipimo chako: maana yake hasa ni nini?

Mwanafunzi hufaulu mtihani. Mwanagenzi hufuzu. Kijana wa mjini hutoboa, na akizipata nyingi kwa mpigo tunasema ameula. Kufaulu na kufuzu kuna msahihishaji. Kutoboa kuna mtaa mzima unaokukodolea macho. Kufanikiwa ni neno lenye nafasi zaidi. Lina undugu na kufana, kama harusi inavyofana: jambo limekwenda kama lilivyokusudiwa. Lilivyokusudiwa na nani? Hapo ndipo penye dhana yenyewe.

Mafanikio binafsi ni kulifikia jambo ambalo wewe mwenyewe ulilitaja kuwa litakutosha, tena ulitaja kabla. Chukua maneno hayo mawili, "mwenyewe" na "kabla".

Mkulima wa viazi anaijua lumbesa. Gunia limeshajaa, mnunuzi analiongezea kilemba juu, linafungwa kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo Tanzania inaikataza, lakini mwenye lori ndiye mwenye sauti shambani. Maisha nayo yana lumbesa yake. Ukimaliza chuo, unaulizwa kazi. Ukipata kazi, kiwanja. Ukijenga, mbona huoi? Ukioa, mbona kimya? Gunia halijai, kwa kuwa anayelipima si wewe.

"Kabla" ndiyo inayosahaulika. Sungura aliporuka akazikosa ndizi, ndipo akasema sizitaki mbichi hizi. Huko si kujiwekea kipimo, ni kujifariji. Kipimo cha kweli lazima kiweze kukuumbua: kama ulisema utamaliza deni la duka mwaka huu na hujamaliza, basi hujafanikiwa, hata watu wakikupigia makofi.

Mfano ninaoupenda ni wa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Njiani alianguka, goti likaumia vibaya. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza ni 57, na yeye ndiye wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Wala hakuwa mkimbiaji wa kubahatisha: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni.

Angalia jibu lake tena. Limewataja waliomtuma. Wengi hudhani kipimo chako ni kipimo cha ubinafsi, kana kwamba ukishajiamulia huna ndugu. Sivyo. Dada anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, aliyejisemea kwamba kazi hii ni ya kumfikisha mdogo wake mwisho wa chuo cha ufundi, amefanikiwa siku mdogo wake anapokabidhiwa cheti. Kesho yake atakuwa palepale barazani, na chuma chake cha vitumbua, na mtaa utasema bado hajatoboa.