Mpatanishi si mtu wa kunyamaza

Huku Kigoma tumezoea kumsifu Mkristo "asiye na neno na mtu". Akikosewa anameza, anatabasamu, tunasema huyo ndiye mtu wa amani. Ndivyo wengi tunavyoielewa Mathayo 5:9, "Heri wapatanishi; maana hao wataitwa wana wa Mungu."

Lakini neno la pale ni wapatanishi, na Kigiriki chake, eirenopoioi, maana yake ni watu wanaotengeneza amani. Sura hiyohiyo, mstari wa 23 na 24, inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Mathayo 18:15 nayo inamwelekeza aliyekosewa amwendee mkosaji, wawili peke yao. Si mbele ya kwaya, wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo (tunajijua).

Chukua mawifi wawili wanaoanika dagaa pale Kibirizi. Mmoja alikopa dumu la mawese, halikurudi. Miezi inapita, wanasalimiana vizuri tu, ila siku hizi kila mmoja anaanika upande wake. Siku mwenye dumu atakaposema, "Wifi, lile dumu limenikaa rohoni," ndipo upatanishi utaanza, hata sauti zikipanda kidogo.

Paulo, katika Warumi 12:18, anaweka mpaka: ikiwezekana, na kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote. Kwa hiyo wifi akikataa kusikia, aliyemwendea ametimiza sehemu yake. Na anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa jina la mistari hii. Hakuna hata mmoja unaosema hivyo.